Jino la Kati

Picha ilitoka kwa Virve, Toronto:
jani la vijani vitatu, tunda jekundu limesimama wima
kama mtoto aliyeitwa na mwalimu,
na nyuma yake, limefifia, ua la njano.
"Hilja, angalia. Yameota chini ya ngazi yangu.
Si ndiyo yale ya ukutani kwa mama?"

Nilijua kabla sijavaa miwani.
Njano.
Stroberi mwitu haina ua la njano,
si huku Saaremaa, si popote.
Lakini mtu wa miaka themanini na minne
utamwambiaje "siyo" kwa simu?

Nikatoka nayo, simu aliyoniachia Kaur, mjukuu,
nikaufuata ukuta wa mawe ya chokaa
unaodondosha jiwe moja kila majira ya baridi.
Magoti yakalalamika. Nikayaambia ngojeni.
Picha ya kwanza: kisigino changu na nyasi.
Ya pili: jua limekula petali, zimebaki tundu nyeupe.
Nikavua kofia, nikaishika juu yao iwe wingu.

Hapa wanaishi ndugu wawili, jirani kwa jirani,
wala hawapendi kuchanganywa.
Wa kivulini, metsmaasikas, kola yake ameilegeza,
imeanguka nyuma kama ya mtu aliyetoka kazini,
na tunda lake hukufuata mkononi bila neno.
Wa juani, muulukas, amelikumbatia lake
kama mwanamke na shali yake kwenye upepo.
Ukimchuma, anaalika.
Ndiyo, anaalika, kama kidole,
na anakuja na kola yake yote.

Ukitaka hakika, tazama kijani cha katikati, nchani.
Meno ya msumeno yamepangwa, na lile la kati,
kwa muulukas, ni fupi kuliko majirani zake:
mtoto kati ya kaka wawili, siku ya kupigwa picha.

Basi nikapiga jino.
Nikapiga mgongo wa jani, unaong'aa kijivu,
nikapiga malaika ya kikonyo, pumzi nimeizuia.
Sarafu ya kuonyesha ukubwa sikuwa nayo.
Nikaweka kidole gumba.

Jioni nikaandika: "Virve, lako ni jingine.
Mgeni kutoka Asia, ua njano, tunda chapwa.
Halidhuru. Lakini si la mama."
Nikafuta. Nikaandika tena vilevile,
maana yeye ndiye alinifundisha kusoma herufi ya V
kwenye mvuke wa dirisha,
kabla ya ule mwezi wa tisa, mashua ya mjomba
na Uswidi ng'ambo.
Alikuwa na miaka saba.
Mimi nilikuwa na surua, mama akabaki nami.
Nikatuma picha saba.

Jibu halikutaja jino wala kola.
"Kidole hicho," aliandika. "Ukucha huo bapa.
Kimetoka wapi?"
Nikautazama mkono wangu juu ya meza,
karibu na mkate, kama uliosahauliwa na mgeni.

Kisha likaja jingine:
"La ngazini nililionja tangu Jumanne. Maji matupu.
Nilitaka tu uende ukutani."

Nikacheka peke yangu, nikamtukana kidogo.

Kisha:
"Bado yanaalika?"

Kaur amenieleza mengi kuhusu simu hii,
jinsi ya kukuza, jinsi ya kupunguza mwanga.
Hakunieleza namna ya kupiga picha ya kitu hicho.

Saa tano usiku, na mwanga wa Juni
bado umekaa kwenye mireteni, haujui kwake ni wapi.
Nikapiga magoti. Nikampigia.
"Virve, nyamaza," nikasema.
Nikaisogeza simu hadi ikaguswa na jani,
nikalishika tunda,
nikavuta.